Kukabidhi Zamu

Kazija, kabla hujatundika buibui lako
njoo kwanza kitanda cha sita.
Daftari nimelijaza, lakini daftari halina pumzi,
na huyu ni mtu wa kuhadithiwa.

Mzee Khatibu Shaame, wa Kiuyu.
Miaka thelathini na moja alipima karafuu za watu kituoni,
na hakuna aliyemwambia: mbele ya Mungu utanilipa.
Jana magharibi kaletwa Wete amekaa wima,
miguu imejaa, ukibonyeza kidole
shimo linabaki likikutazama.
Kulala hawezi. Akilala, maji yanampanda kifuani.

Daktari akaandika ile dawa. Unaijua,
ile isiyokwenda nyumbani ndani ya bahasha,
inaingia mshipani tone kwa tone
na pampu inayahesabu matone kama bahili.
Ikizidi, moyo unatoka mbio kama punda aliyeumwa na nyuki.
Ikipungua, unakaa kitako njiani na mzigo wake.

Nikauliza uzito.
Mwanawe, Massoud, akasema, "Andika sabini, dada. Sabini hivi."
Na mie sikufichi, Kazija:
kalamu ilikwisha gusa karatasi.
Wagonjwa kumi na tisa, usiku mmoja, mikono miwili.
Sabini ilikuwa tamu.

Mzee akafungua jicho moja.
"Hivi," akasema,
akavuta pumzi, akaitafuta nyingine,
"hivi si ratili. Hivi si kilo.
Hivi ndiyo iliyowafilisi watu."

Basi tukambeba, tukamsimamisha.
Hata hapo hakuridhika: mizani yenu imelalia upande,
isawazisheni kwanza.
Tukaikunjia kipande cha boksi chini ya mguu.

Hamsini na nane na nusu.
Na maji yake yote mwilini, hamsini na nane na nusu!
Kilo kumi na moja na nusu zilikuwa upepo tu
mdomoni mwa kijana anayempenda babake.

Nikamwita Bakari wa wadi ya pili:
piga hesabu yako, yangu usiitazame.
Tulipokutana kwenye namba moja
ndipo nikawasha pampu.

Sasa sikiliza.
Mshipa wa kushoto ni wa dawa hii tu, haitaki ukewenza.
Ile ya kutoa maji mpe mkono wa kulia.
Itazame ngozi penye sindano. Ikivimba, ikipauka,
akisema inachoma, simamisha umwite daktari,
usiseme ngoja nimalize chai.
Mashine ikilia, mtazame mtu kwanza, mlio baadaye.
Na mfuko mpya uwe tayari kabla wa zamani haujakauka;
betri ya pampu imezeeka, umeme wetu unaujua.

Jambo jingine sikuliandika.
Saa tisa za usiku nilimkuta Massoud
kidole juu ya kitufe cha kuongeza mwendo.
Macho mekundu. "Nataka apone upesi, dada."
Sikupata neno. Mzee alilipata, macho kayafumba:

"Massoud. Kidole juu ya mizani ni wizi,
hata ukimwibia mtu kwa ajili ya babako."
"Nimemwibia nani, baba?"
"Mie."

Kijana akatoka nje, akakaa barazani mpaka adhana.
Mpe chai, hajala tangu jana.

Alfajiri mzee amekojoa sana, nimeyapima, yameandikwa.
Mito mitatu imekuwa miwili.
Usingizi wa saa nzima, mdomo wazi, kama mtoto.
Alipoamka hakuuliza kama atapona.
Aliuliza atapimwa saa ngapi.
Nikamwambia: baada ya choo, kabla ya chai,
nguo zilezile, kila siku.
Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuta duka lake wazi.

Usimkawize, anangoja.
Na kile kipande cha boksi
mwambie mfagiaji asikitupe.